Ramani ya ukutani ya mikoa ya Tanzania toka enzi za Mjerumani: rangi wamepatia, ila kuna mapengo

Nimeinunua kwa jamaa anayeuza chati za shule kando ya barabara, elfu 15, alianzia ishirini tukavutana. Karatasi ngumu, imevalishwa nailoni, ukimwagia chai unafuta maisha yanaendelea. Katikati kuna Tanzania ya leo na mikoa yake 31, yaani 26 ya bara na 5 ya Zanzibar, alafu pembeni kuna viramani vinne vidogo, cha Mjerumani, cha Mwingereza, cha miaka ya mwanzo ya uhuru, na cha mikoa iliyozaliwa baada ya 2000. Hivyo vidogo ndo vilivyonitoa hela, maana ramani ya leo tupu hata kwenye kalenda ya ukutani ipo.

Sehemu waliyoipatia kabisa ni rangi za kwenye hicho cha nne. Mkoa uliomegwa kutoka mikoa kadhaa haujapakwa rangi moja, umepakwa vipande vipande kwa rangi za wazazi wake, kwahiyo ukiangalia Geita unaona kabisa kipande cha Mwanza, kipande cha Shinyanga ambacho ni Bukombe, na Chato iliyotoka Kagera. Simiyu hivyohivyo, Bariadi, Maswa na Meatu zina rangi ya Shinyanga ila Busega ina rangi ya Mwanza kwa sababu ilikuwa Magu. Njombe imetoka Iringa peke yake na Katavi imetoka Rukwa, zote nne hizo ni za 2012, Manyara ilishatangulia 2002 ikitokea Arusha. Nimekaa na wanangu tumeifuata Mpanda kwa kidole kutoka kiramani kimoja hadi kingine, kwa Mwingereza ipo Jimbo la Magharibi, baada ya uhuru ipo Tabora, 1974 Rukwa inaanzishwa inaingia huko pamoja na Sumbawanga iliyotolewa Mbeya, alafu 2012 inakuwa makao makuu ya Katavi. Mzee wa Mpanda aliyezaliwa miaka ya 50 kakaa nyumba ileile ila mikoa kaimaliza, na kila cheti alichonacho kina jina lake la mkoa, sasa mwambie huyo ajaze fomu.

Sasa lawama. Kiramani cha baada ya uhuru kina mikoa 17, sawa, Dar imewekwa ndani ya Pwani, sawa, Lindi bado iko ndani ya Mtwara kwa vile ilitoka 1971, hapo sina neno. Ila kule juu kushoto wameandika KAGERA! Miaka ya 60 hakukuwa na mkoa wa jina hilo jamani, ulikuwa Ziwa Magharibi, Kagera imekuja baada ya vita vya Iddi Amin. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo, lakini kwetu kuna makaratasi ya shamba ya marehemu mzee yameandikwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, mdogo wangu kaitafuta ramani nzima hajaiona, na watu wananunua kitu kama hiki kwa ajili hiyohiyo, ya kuoanisha karatasi za zamani na majina ya sasa. Na Songwe nayo wameionea, imetoka Mbeya 2016 lakini wameichorea vinukta tu juu ya rangi ya Mbeya, inaonekana walishamaliza kuchora ndo wakakumbushwa.

Cha Mjerumani ni maboma, yaani vituo vyake vya utawala, na mistari michache, kimepita tu. Maakida na majumbe waliokuwa wanakusanya kodi huko chini hawajaandikwa popote, na mwaka 1963 uchifu ulipofutwa kisheria nao haupo.

Kubwa zaidi kwangu ni halmashauri. Ukiisoma hii ramani unaweza kudhani historia ya tawala za mikoa ni ya mipaka tu, wakati mabadiliko makubwa kuliko yote hayakugusa mpaka hata mmoja. 1972 kwenye sera ya serikali iliyoitwa Madaraka Mikoani halmashauri zilifutwa, kazi zikachukuliwa na ofisi za mkoa na wilaya chini ya serikali kuu, miji ikaoza mitaro na taka mpaka halmashauri za miji zikarudishwa 1978, alafu sheria za serikali za mitaa za 1982 zikatungwa na halmashauri za wilaya zikarudi 1984. Miaka kumi na kitu hiyo! Kisanduku cha mistari mitano tu pale chini kingetosha, nafasi ipo, wameweka picha ya twiga. Mtoto wa sekondari akiulizwa kwanini wilaya ina mkuu wa wilaya na pia ina mkurugenzi wa halmashauri, hii chati haimsaidii kitu, na tarafa, kata, vijiji na mitaa hazijatajwa kabisa.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, nyota mbili kati ya hizo ni za zile rangi. Mwalimu wa msingi anunue tu ila Kagera ya kiramani cha tatu abandike karatasi aandike Ziwa Magharibi. Na kama unanunua usichukue saizi ndogo, iko ya elfu 8, nimeiona, majina ya wilaya hayasomeki hata na miwani.