Saiba za Kisumu na maombi ya ufadhili: lipia skani, insha andika mwenyewe

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakishatoka, saiba (maduka ya intaneti na kuprinti) za Kisumu, kutoka Oginga Odinga Street hadi Kondele, hubandika tangazo lilelile: KUCCPS, HELB, ufadhili, tunajaza hapa. KUCCPS ndiyo inayowapanga wanafunzi vyuoni, na HELB ndiyo bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Nakuru mambo ni hayo hayo. Fomu za KUCCPS wahudumu wengi wanazijua nje ndani, na huko hawana shida. Tathmini hii inahusu ufadhili wa ushindani ambao vyuo vikuu vya kibinafsi huwapa waliopata alama za juu. Kwa kazi hii, sehemu moja ya huduma yao inastahili kila shilingi, na nyingine haifai hata ukipewa bure.

Kwanza sifa. Kwa skani, saiba inashinda simu. Picha ya simu huja na kivuli cha mkono na pembe zilizopinda, na muhuri wa shule hausomeki. Mashine ya saiba hutoa slipu ya matokeo, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kumaliza shule vikiwa safi. Sema mapema unachotaka: PDF, kila hati na faili lake, kitambulisho pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Usiposema, utapewa faili moja lenye kurasa tisa liitwalo scan0047, na fomu inataka hati moja moja. Faili likizidi kiwango cha fomu, mara nyingi MB 2, mwambie askani upya kwa dpi 150 bila rangi. Kulipunguza kwenye tovuti ya bure ni kumpa mtu usiyemjua kitambulisho chako.

Faili zisipite WhatsApp ya saiba. Zikitumwa kama picha hupungua ubora, na zikitumwa vyovyote vile nakala hubaki kwenye simu ya watu. Jitumie kwa baruapepe yako, kisha simama hapo hadi zifutwe kwenye kompyuta.

Baruapepe yenyewe ndiyo inayowaponza wengi. Mhudumu akiona foleni hufungua akaunti haraka, anaweka baruapepe yake au namba yake, na nywila anaijua yeye peke yake. Wiki tatu baadaye chuo kinatuma mwaliko wa mahojiano wenye siku mbili za kuthibitisha, nao unaangukia kwa mtu aliyekwisha kusahau jina lako. Fungua akaunti kwa simu yako ukiwa nyumbani. Saiba uende na hati tu.

Kujaza fomu kunahitaji macho mawili. Fomu ikiuliza jumla ya pointi, inataka za masomo saba: A ni 12, kwa hiyo juu kabisa ni 84. Wahudumu waliozoea KUCCPS huandika pointi za klasta, yaani za masomo manne yanayohusu kozi, ambazo mwisho wake ni 48, na mwenye A- ya 78 anaonekana kama aliyeanguka. Kumbuka pia kwamba tangu KCSE ya 2023 gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora. Ukifanya masomo manane, usijumlishe yote. Majina nayo yafanane herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Akinyi na slipu ikisema Akinyii, pita kwa wakili upate hati ya kiapo kabla ya kutuma.

Na kama shule inakataa kutoa cheti cha KCSE kwa sababu ya karo, Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 hairuhusu mtu wala taasisi kukizuia.

Sasa insha. Saiba nyingi zina ile ya kuuza: mwanafunzi mwenye bidii, familia ya hali ya chini, ndoto ya kusaidia jamii. Wanabadilisha jina na kozi, basi. Watahiniwa watano wa shule moja wakinunua hiyo hiyo, inasomwa na jopo lile lile. Tena ni insha ya kuomba msaada, ilhali ufadhili huu unashindaniwa kwa uwezo. Umaskini una barua yake ya chifu. Kwenye insha jopo linatafuta ulichofanya: klabu ya sayansi yenye wanachama 40 uliyoiwekea hazina, somo ulilopandisha kutoka C+ hadi A na namna ulivyolipandisha. Ukiombwa maneno 500, usipeleke 700. Fomu nyingine hukata ziada bila kukuambia.

Barua za walimu saiba haiwezi kukusaidia. Mfumo ukimtumia mwalimu kiungo kwa baruapepe, mpigie kwanza umuulize ni anwani gani anayoifungua. Aprili, Agosti na Desemba walimu wako likizoni, na kiungo huisha muda. Barua ya karatasi iwe na kichwa cha shule, tarehe, sahihi na muhuri.

Kabla ya kulipa chochote, piga hesabu ya ufadhili wenyewe. Asilimia 50 mara nyingi ni ya karo ya masomo pekee. Chukua mfano wa karo 120,000 kwa muhula, ada nyingine 25,000, hosteli 30,000. Mzazi anadhani atalipa 87,500, kumbe ni 115,000. Na tangu mfumo mpya wa serikali wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu uanze 2023, aliyepangwa na KUCCPS katika chuo cha kibinafsi hapati ufadhili wa serikali. Anabaki na mkopo wa HELB. Uliza pia ni wastani gani wa alama utakaotakiwa kuushikilia kila muhula, na ukishuka, unapewa onyo au unaondolewa moja kwa moja.

Skani na kuprinti: nne kwa tano. Kujaza fomu: mbili, tena ukiwa umeketi kando yake. Insha: sifuri. Mahojiano ya video usiyafanyie saiba kabisa. Kelele za mpira wa Jumamosi zitakujibia maswali, na stima ikipotea jenereta huwasha mashine ya kuprinti kabla ya ruta.