Mashine ya kukereza mbao kwa hela ya wastani: nunua uzito kabla ya urefu

Mafundi, karibuni. Leo nina mashine mbili za kukereza hapa juu ya meza, na ya tatu, iliyoundwa na mafundi wa mtaani kwa kuchomelea vyuma, ipo pale sakafuni. Wengi mmeniuliza ununue ipi ukiwa na hela ya wastani, hela ya fundi anayetaka kuanza kutoa miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, michi na bakuli. Jibu langu nalitoa mapema: nunua uzito kabla ya urefu. Sasa niwaonyeshe kwa nini.

Tuanze na hii ndefu, maana ndiyo inayowavuta watu dukani. Ina karibu mita moja kati ya ncha na ncha, mguu wa kitanda unaingia bila taabu, na bei yake iko chini. Lakini tazama kitanda cha mashine yenyewe: bomba la bati. Nashika kichwa cha nyuma hivi, kile kinachoshikilia mti upande wa pili wa mota, nasukuma kwa kiganja tu. Umeona kilivyocheza? Na hapo mti haujaanza kuzunguka. Ukiweka mninga au mvule, patasi ikigusa tu, bomba linatetemeka, na mtetemo unaacha mistari midogo midogo kwenye kazi, ya kupiga msasa mpaka jioni. Halafu mwendo wake wa chini kabisa ni mizunguko 800 hivi kwa dakika. Kwa mguu mwembamba hakuna neno. Kwa gogo la bakuli ambalo bado lina kona, mimi sisimami mbele yake.

Kuna hesabu ambayo wakerezaji wengi wanaitumia, iandikeni ukutani. Chukua kipenyo cha kazi kwa inchi, zidisha na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3, hiyo ni mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10, ni 600 hadi 900, na hapo gogo limeshakaa duara. Wakati wa kuanza unashuka chini ya hapo. Kwa hiyo ukifika dukani, ulizia mwendo wa chini kwanza. Wauzaji wanapenda kutaja ule wa juu.

Sasa hii fupi. Kitanda chake ni chuma cha kusubu, chuma kilekile cha jiliwa la benchi, na yote inakaribia kilo 40. Mota ni nusu hospawa, kipenyo cha kazi mwisho inchi 10, urefu wa kazi inchi 18. Nasukuma kichwa cha nyuma kwa nguvu zangu zote: kimya. Kipimo cha pili, nawaomba mkifanye hukohuko dukani kabla ya kutoa hela. Weka ncha kali kila upande, sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha zikaribie kugusana. Leta kamera hapa. Zimekutana, moja haijapanda juu ya nyingine wala kukimbilia pembeni. Zikipishana, tundu utakalotoboa kutokea nyuma halitakaa katikati. Ondoa belti, zungusha spindo, yaani mhimili unaozungusha kazi, kwa mkono, sikiliza beringi. Zikikwaruza, achana nayo.

Utaniambia: mguu wa kitanda hauingii kwenye inchi 18. Kweli, mzima hauingii. Kereza vipande viwili, kimoja kiwe na ulimi wa duara, kingine toboa tundu, gundisha, na maungio uyafiche kwenye mfuo wa nakshi. Na baadhi ya mashine hizi zina kipande cha kurefusha kitanda, kinauzwa peke yake.

Hii iliyochomelewa naiheshimu sana. Mafundi wa Gerezani, Dar, na wale wa Kamukunji, Nairobi, wanajua kazi, na ukiifunga kwa bolti kwenye zege haitikisiki. Kama kazi yako ni miguu ya vitanda tu, mwezi mzima, chukua hii uache hizo zingine. Shida yake ni spindo. Mara nyingi haina tundu la mchongoko la kipimo cha MT2 (Morse Taper namba 2) wala uzi wa kawaida, kwa hiyo chaki ya dukani, ile taya ya kubania kazi kwenye spindo, haifungi. Mwambie fundi mapema akukatie uzi wa inchi 1 wenye meno 8 kwa inchi, au M33 kwa 3.5, yaani kipenyo milimita 33 na milimita 3.5 kutoka jino hadi jino. Hapo unaweza kununua chaki popote.

Umeme, kwa kifupi: inayotoka Dubai inakubali umeme wetu. Ya mtumba kutoka Marekani ni ya volti 110 na hezi 60. Transfoma itarekebisha volti, hezi zitabaki 50, na mota ya kawaida itapungua mwendo kama sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi.

Hela usiimalize yote kwenye mashine. Mimi ningeacha theluthi nzima kwa ajili ya patasi, grenda ya kunolea, chaki na kinga ya uso. Patasi zitafute zenye maandishi HSS, yaani chuma kinachohimili joto la kunoa, kwa sababu mpingo unakula makali, na chuma cha kawaida kikishageuka buluu kwenye grenda kimelainika. Tatu zinatosha kuanza: pana ya kuondolea kona, ya bakuli, na ya kukatia. Ile pana ya kona isiguse bakuli kamwe. Tazama hapa nilipoitoa kwenye mpini: shina lake ni jembamba hivi, bakuli likiikamata linavunjika, na kipande kinarukia usoni. Nawaomba sana kwenye hilo.

Kama tayari una mashine na hujui uzi wake, pima kipenyo cha spindo kwa vernia, hesabu meno ndani ya inchi moja, uniandikie hapo chini. Nitakwambia utafute chaki ya aina gani.