Union Version au Habari Njema: ipi ya kusomea dhabihu na utii

Hukumu kwanza. Kwa anayetaka kujifunza kumtii Mungu na kujitoa kwake, Union Version, tafsiri ya Kiswahili ya 1952, iwe ndiyo Biblia ya mezani, na Habari Njema, tafsiri iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, ikae pembeni yake. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue Union. Kiswahili chake kimezeeka, hilo halina ubishi, lakini kwenye somo hili uzee wake unasaidia kuliko unavyokera.

Fungua Warumi 12:1. Union inasema: "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, ya kumpendeza Mungu, ndiyo ibada yenu yenye maana." Habari Njema inasema: "Jitoleeni nafsi zenu kwa Mungu kama tambiko iliyo hai." Kigiriki, lugha ambayo Paulo aliandikia barua hiyo, kina neno la miili, na tofauti hiyo si ndogo. Msomaji wa "nafsi" hubaki kwenye hisia: nimeokoka, nimejitoa, basi. Msomaji wa "miili" hana pa kujificha, kwa sababu mwili una saa za kulala, una miguu ya kwenda kumwona mgonjwa, una ulimi na una tumbo. Sura yenyewe inaendelea hivyo hivyo: kukaribisha wageni, kulia na wanaolia, kumlisha adui mwenye njaa. Yote hayo hufanywa kwa mwili.

"Tambiko" nayo ina mzigo wake. Ni neno zuri la Kibantu, na linafikisha wazo la kutoa kitu kwa heshima mbele ya aliye mkuu. Ila kwa wasomaji wengi linaita picha ya mizimu na kaburi la babu kabla halijamfikisha Kristo. Kiongozi wa kikundi anayetumia Habari Njema atenge dakika tano za mwanzo kulieleza, la sivyo kipindi kizima kitaishia kwenye mjadala wa mila.

Union pia ina mtego, na wengi huukanyaga bila kujua. Soma Waebrania 13:15-16 polepole. Mstari wa 15 una "dhabihu ya sifa". Mstari wa 16 unasema tusisahau kutenda mema na kushirikiana, "maana sadaka kama hizi ndizo zimpendezazo Mungu." Dhabihu, kisha sadaka: kwa Kigiriki ni neno lile lile moja, thusia. Watafsiri walibadilisha neno, na msomaji wa leo, ambaye sadaka kwake ni bahasha na kikapu, anadhani mstari wa 15 unahusu kuimba na wa 16 unahusu mchango. Mwandishi alimaanisha kwamba kumtendea jirani mema ni dhabihu sawasawa na sifa. Andika "dhabihu" kwa penseli pembeni ya mstari wa 16 na fungu lote litakaa sawa. Fanya vivyo hivyo Mwanzo 22, ambako Ibrahimu anaambiwa amtoe Isaka "sadaka ya kuteketezwa". Hapo hakuna bahasha yoyote.

Kwenye utii Union inang'aa. 1 Samweli 15:22: "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Mswahili hahitaji kamusi hapa. Tukisema mtoto hasikii, hatumaanishi ana ugonjwa wa masikio. Kiebrania, lugha ya asili ya kitabu hiki, kina tabia hiyo hiyo, kitenzi kimoja kinabeba kusikia na kutii, kwa hiyo Kiswahili kinaupokea mstari huu kama wa kwake. Lakini usiusome peke yake. Soma sura yote, mistari 35, ndipo utaona kosa la mfalme Sauli lilivyo la kidini kabisa: ameambiwa aangamize vyote vya Waamaleki, amebakiza kondoo na ng'ombe walio wazuri, na akibanwa anajibu kwamba ni kwa ajili ya kumtolea Mungu. Anatumia dhabihu kukwepa agizo. Kosa la namna hiyo limo pia katika Marko 7:9-13, ambako mtu anakiita kitu chake korbani, wakfu kwa Mungu, ili asiwasaidie wazazi wake. Mafungu haya mawili yasomwe siku moja.

Luka 9:23 ni sehemu nyingine ambayo Union inashinda: "na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate." Habari Njema ina kuchukua msalaba, ambayo ni sahihi, ila kujitwika kuna picha kamili. Mzigo wa kujitwika umeuinua mwenyewe ukauweka kichwani. Wanaouita kila ugonjwa au kila mkwe mkorofi "msalaba wangu" wanaikosa picha hiyo, maana hayo yamewakuta tu, hawakuyainua. Angalia pia maneno "kila siku". Mathayo 16:24 na Marko 8:34 hawana.

Habari Njema inastahili sifa zake. Wafilipi 2:7 ya Union, "alijifanya kuwa hana utukufu", inamwacha msomaji akikuna kichwa. Habari Njema inafungua: "kwa hiari yake mwenyewe, aliachilia hayo yote." Kisha, kwa bahati mbaya, inalainisha "mtumwa" wa Union kuwa mtumishi, wakati Kigiriki kina mtumwa. Ndiyo maana tunasema ziwe mbili. Isitoshe, Habari Njema hupatikana pia ikiwa na vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile ambavyo Wakatoliki huvihesabu katika Agano la Kale na Waprotestanti hawavihesabu, na ambavyo Union haina. Humo mna 2 Wamakabayo 7, mama na wanawe saba wanaokubali kufa kuliko kula nyama ya nguruwe kinyume cha sheria. Kwa somo hili, sura hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuchagua toleo hilo unaponunua Habari Njema.

Namna ya kuzitumia: soma fungu zima kwenye Habari Njema upate mtiririko, kisha lirudie kwenye Union ukiwa na kalamu. Kwenye daftari chora safu mbili, andika tu maneno yanayotofautiana. Safu ya tatu iwe ya tendo moja litakalofanyika kabla ya usomaji unaofuata, likiwa na jina la mtu na siku. Ukiandika "kupenda zaidi" hujaandika kitu. Fungu moja kwa wiki linatosha, na 2 Samweli 24:18-25 isikosekane: Daudi anakataa kutoa asichokigharimia, anakinunua kiwanja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha.

Wanaosomea kwenye simu wajihadhari na kisanduku cha kutafuta. Programu inayotafuta herufi kama zilivyoandikwa, ukiipa "kutii" itakuacha bila "akatii" na "mtii". Andika "tii". Ukitafuta "toa" utaikosa "itoeni" ya Warumi 12, kwa hiyo jaribu "toe" pia. Na kwa kusikia, Union hupenda "sikiza", ambayo "sikia" haiinasi.

Ya karatasi ikaguliwe kabla ya kulipa. Ifungue katikati uitazame mgongoni: iliyoshonwa kwa uzi hulala wazi mezani, ya gundi tupu hujifunga na baada ya muda huachia kurasa, hasa ukizoea kuibana ikiwa wazi. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, wino wa kalamu ya rangi hupenya hadi ukurasa wa nyuma, kwa hiyo tumia penseli. Toleo dogo lenye zipu ni zuri kwa safari, lakini pambizo zake hazitoshi hata kuandika neno "dhabihu".