Mafunzo ya Itifaki kwa Wanaopokea Wageni Wenye Vyeo vya Uingereza, Arusha

Kwa sisi tunaofanya kazi ya mapokezi Arusha, ambako fomu ya kuhifadhi chumba huja mara nyingine na cheo mbele ya jina la mgeni, mafunzo haya ya siku mbili yanayotolewa karibu na Mnara wa Saa yanafaa sana, na ninayapendekeza kwa waongoza watalii pia.

Nguvu yake kubwa ni mkufunzi, ambaye huchukua mifano kutoka historia yetu wenyewe. Edward Twining alipokuwa Gavana wa Tanganyika aliitwa Sir Edward, kwa kuwa Sir hufuatwa na jina la kwanza, si la ukoo. Mwaka 1958, alipopewa cheo cha baroni kisichorithishwa, akawa Lord Twining, na jina la kwanza likaachwa. Gavana aliyemfuata, Richard Turnbull, alikuwa Sir Richard. Duke, ambaye ana cheo cha juu kabisa, juu ya baroni, huitwa “Your Grace”.

Kipindi cha mavazi ndicho kilichonivutia zaidi. Mezani lilitandazwa joho la mahameli ya rangi ya damu ya mzee, ambalo fundi wa hapa mjini alilishona kwa kuiga joho linalovaliwa na wenye vyeo mfalme anapotawazwa, likiwa na kola pana ya manyoya meupe ya bandia. Tulipitisha vidole juu ya madoa meusi tukihesabu safu zake: 4 ni za duke, 3 za eli (earl), aliye kati yao, 2 za baroni. Hakuna mgeni atakayeshuka uwanja wa ndege wa KIA na joho la namna hiyo, lakini aliyezihesabu safu zile hasahau tena nani amemzidi nani cheo, na hilo ndilo linalohitajika pale wageni wawili wenye vyeo wanapofika pamoja.

Chakula cha mchana kilikuwa kizuri.

Kasoro iko kwenye kijitabu, na si ndogo. Kinaelekeza kwamba mke wa Sir aitwe Lady pamoja na jina lake la kwanza, ilhali anapaswa kuitwa kwa jina la ukoo la mumewe. Lady na jina la kwanza ni haki ya binti wa duke au wa eli. Mpokeaji atakayefuata maelekezo hayo atampa mama huyo heshima ya nasaba isiyo yake, mbele ya watu wanaoijua tofauti. Nimewaandikia waandaaji kuhusu ukurasa huo; atakayejiandikisha kabla haujarekebishwa ashike maelezo ya mkufunzi, ambaye darasani alilieleza jambo hilo kwa usahihi.