Codex Sinaiticus mtandaoni: inamfaa mwalimu wa Biblia anayeulizwa kama Injili ilibadilishwa?

Kwenye mihadhara ya dini hapa Kampala, na katika vikundi vya vijana wanaosali kwa Kiswahili, swali halikawii kuja: mna ushahidi gani kwamba Injili haikuchezewa? Wengi hujibu kwa kutaja idadi ya hati za kale walizozikariri, na muulizaji hubaki palepale kwa sababu hajaonyeshwa kitu. Tovuti ya codexsinaiticus.org inaziba pengo hilo. Ni ya bure, na inaonyesha kurasa zilizosalia za Codex Sinaiticus, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 4, ikiwa na Agano Jipya zima. Kurasa zenyewe zimetawanyika London, Leipzig, St Petersburg na monasteri ya Mtakatifu Katarina kule Sinai. Tangu 2009 zinasomeka pamoja hapa.

Unachagua kitabu, sura na mstari. Inafunguka picha ya ukurasa wa ngozi, na pembeni yake maandishi yaleyale kwa herufi za Kigiriki za kisasa. Ukibofya neno kwenye maandishi hayo, linawekewa alama kwenye picha. Kwa asiyejua Kigiriki, huo ndio msaada mkubwa kuliko yote.

Anza na Marko 1:1. Maneno "Mwana wa Mungu" hayakuandikwa kwenye mstari. Msahihishaji aliyaongeza juu yake kwa herufi ndogo. Anayeamini kwamba Uwana wa Yesu ulichomekwa baadaye atafurahi kuona hivyo, nawe mwonyeshe bila kusita. Kisha mpeleke Marko 3:11 na 15:39, ambako Yesu anaitwa Mwana wa Mungu ndani ya mstari wenyewe. Mwambie pia kwamba hati ya Vatikani, ya karne ileile, inayo maneno hayo katika 1:1. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mstari huu, lakini sababu moja inaeleweka hata kwa mtoto wa shule: majina matakatifu yalifupishwa kwa herufi mbilimbili, na hapo yamefuatana manne yanayoishia kwa herufi moja. Jicho la mnakili huruka kwa urahisi sana mahali kama hapo.

Marko 16 ndipo walimu wengi huchemka. Katika hati hii Injili inaishia mstari wa 8, kisha kinafuata kichwa cha Injili kilichoandikwa mwishoni. Mistari ya 9 hadi 20 haimo. Katika Yohana, 7:52 inafuatwa moja kwa moja na 8:12, na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa hakipo. Hata "kwa kuwa ufalme ni wako" ya Mathayo 6:13 hutaiona. Ukiyaficha haya, kijana atayakuta mwenyewe kwenye simu, na hapo atakosa kukuamini hata kwa mengine. Ufufuo haukutundikwa kwenye mistari hiyo: "amefufuka" imo Marko 16:6, na orodha ya mashahidi imo 1 Wakorintho 15, barua ya miaka ya 50 hivi.

Sasa kasoro. Hakuna Kiswahili popote. Tovuti iliundwa kwa ajili ya kompyuta, kwa hiyo kwenye simu ndogo utahangaika, na picha zake kubwa zinakula bando. Haielezi kwa nini hati zinatofautiana. Kazi hiyo ni yako, na usipojiandaa picha zitazua maswali mengi kuliko majibu.

Jihadhari hasa na mwisho wa hati, ambako kuna Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma, maandishi ya Kikristo ya kale yasiyomo katika Biblia zetu. Mtu akiona jina Barnaba atarukia kusema Injili ya Barnaba ilikuwamo. Waraka huo na Injili hiyo ni vitabu viwili tofauti kabisa. Injili ya Barnaba tuliyonayo inatokana na hati za Kiitaliano na Kihispania za zama za karibu, na inamfanya Yesu asafiri kwa meli hadi Nazareti, mji ulio vilimani.

Wala usiibebeshe tovuti mzigo usio wake. Inaonyesha jinsi maandishi yalivyonakiliwa. Haithibitishi kwamba Yesu alituliza dhoruba. Tena karne ya 4 si mwanzo: kwa hati za zamani zaidi tafuta mafunjo (hati zilizoandikwa kwenye karatasi za kale za matete), kama kile kipande cha Yohana 18 kilichoko Manchester, ambacho wengi hukiweka karne ya 2.

Kwa darasa lisilo na projekta, soma kwanza masharti ya matumizi ya picha, kisha kachapishe ukurasa wa Marko 1 na ule wa mwisho wa Marko pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kwa rangi, karatasi ya A3. Ukurasa wa ngozi una urefu wa sentimita 38 hivi na safu nne za maandishi. Ukiubana kwenye A4, zile herufi ndogo za juu ya mstari katika Marko 1:1 hazitaonekana kwa waliokaa nyuma.