Mauntini ya Shemeji na Matope ya Karura

Niseme mapema: baiskeli hii si yangu, sikuinunua, na mwenyewe hakunitoza hata shilingi. Anayetafuta bei hapa hataipata. Ninachoeleza ni siku nne za kuendesha mauntini (baiskeli ya milimani) ya kuazima ndani ya Msitu wa Karura, mwezi wa Julai, manyunyu yakidondoka na baridi ile ya Nairobi ambayo sisi wa Mombasa tumezoea kuisikia redioni tu. Kipupwe chetu ni cha kufunga dirisha moja. Cha huku ni cha kulala na soksi.

Nilikuwa nimepanda Nairobi kwa mafunzo ya kazi ya wiki mbili, nikafikia kwa dada yangu, mtaa wa Highridge. Mumewe ana baiskeli anayoipenda sana na haiendeshi. Imetundikwa kibarazani kama picha ya marehemu. Jioni ya kwanza akaniona naikodolea macho. "Shem, chukua tu. Hiyo inakaa bure." Nikamwambia ahsante shemeji, nitaitunza. Dada akacheka, maana ananijua.

Fremu ni ya aluminiamu, magurudumu ya inchi 27.5, gia 24, shokabu za mbele pekee, breki za diski za kuvutwa kwa waya. Shemeji aliinunua kwa mwenzake wa kazini aliyerudi nayo kutoka Marekani. Lishikeni hilo la Marekani, nitalirudia.

Kutoka Highridge hadi lango la Karura la Limuru Road si mbali, ila barabara ina matatu zisizokuwa na subira na mtu wa pedali. Asubuhi ya kwanza nilifika langoni nikiwa nimeshaishiwa pumzi kabla hata ya kuingia msituni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mimi nimetoka mahali ambapo bahari ndiyo jirani. Kama na wewe umepanda kutoka pwani, siku ya kwanza usishindane na mtu yeyote, hasa wale wazee wenye nguo za kubana wanaokupita wakisalimia.

Kwa mpanda baiskeli, habari ya Karura wakati wa manyunyu ni udongo. Ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, ukilowa kidogo juu unakuwa mlenda. Mvua kubwa afadhali, kwa sababu inaosha njia. Manyunyu ya usiku kucha yanapaka tu, na unapoikanyaga asubuhi unaona njia ileile ya jana, kumbe siyo. Tairi za shemeji ni za upana wa inchi 2.1, zenye meno mafupi yaliyokaribiana. Nafikiri zilikusudiwa njia kavu. Baada ya mita mia mbili meno yote yalikuwa yamejaa udongo, nikawa naendesha chapati mbili.

Tena zilikuwa zimejazwa upepo hadi presha ya pauni 50 (PSI), kama za lami. Siku ya kwanza nilitikiswa na kila mzizi. Siku ya pili nikapunguza hadi 22, raha mustarehe, zikashika ardhi vizuri mpaka nilipogonga mzizi wa mkaratusi kwa kasi. Tyubu ilibanwa kati ya mzizi na rimu, ikatoboka mashimo mawili yaliyokaa sambamba. Nilisukuma baiskeli hadi langoni kwa aibu. Baada ya hapo nikakaa kwenye 30, na kwa uzito wangu wa kilo sabini na kitu, sikupata pancha tena.

Sasa Marekani. Baiskeli niliyojifunzia kwetu Kisauni, Mombasa, ile nyeusi ya babu, breki ya mkono wa kulia ni ya gurudumu la mbele. Ndivyo ilivyo desturi ya Waingereza, na vidole vyangu havijui nyingine. Za Marekani hupangwa kinyume: kushoto mbele, kulia nyuma. Shemeji hakunitajia kwa sababu yeye alishazoea, nami sikuuliza kwa sababu nani anauliza breki ipo wapi? Kwenye lami haikunisumbua; nilikuwa nabana zote mbili.

Siku ya tatu nateremka kuelekea mtoni, mteremko umelowa, nikasema nibane ya nyuma peke yake nipunguze mwendo taratibu. Nikabana kushoto. Gurudumu la nyuma likiteleza unayumba, lakini bado unaongoza. La mbele likiteleza huna tena cha kuongoza. Baiskeli ilikwenda upande wake, mimi upande wangu, kiwiko kikachubuka, mdomoni nikaonja ardhi ya Karura. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake akaja mbio. "Pole sana kijana! Umeumia?" Nikamwambia sijaumia, nimeazima.

Nilikata mpira wa tyubu ile iliyotoboka nikaufunga kwenye mkono wa breki wa kushoto, ili vidole viguse na kukumbuka. Ulifanya kazi. Ningeweza kumpelekea fundi abadilishe waya, si kazi kubwa kwa breki za aina hii, lakini baiskeli ya mtu huipangi upya bila idhini yake.

Na madigadi, vile vya kuzuia matope juu ya magurudumu? Hakuna, mbele wala nyuma. Wahenga waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako nadhani walikuwa wanaitazama baiskeli hii. Nilirudi nyumbani na mstari mwekundu kuanzia kiunoni hadi kisogoni, dada akanizuia mlangoni hadi nivue viatu, soksi na heshima.

Breki zenyewe, ukishajua ipi ni ipi, nazisifu. Zilizolowa hulia kama paka aliyekanyagwa mkia, watu wanageuka, lakini zinashika. Breki za mpira wa kubana rimu, kwenye tope kama lile, kwanza zinafuta matope ndipo zikumbuke kazi yake. Gia za mbele ndizo zilizonichosha: matope yakiingia, cheni inagoma kushuka kwenye duara dogo, na wewe upo katikati ya mlima. Ilibidi nibadilishe mapema, kabla ya kuhitaji.

Kuhusu msitu wenyewe nina machache. Njia panda zina nguzo zenye namba, kwa hivyo kupotea kunataka juhudi. Mizizi iliyolowa uivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiifuate kwa mshazari. Kwenye vidaraja vya mbao usibane breki kabisa. Maporomoko ya maji nilishuka kuyaona kwa miguu, baiskeli nimeiegesha juu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hadi kuvuja damu kichwani alipokuja kupanda miti hapa, wakati ardhi ya msitu inagawiwa watu wa kujenga. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Na mimi nimekuja kuanguka hapa bure, kwa starehe zangu.

Jioni ya mwisho niliiosha kwa ndoo na brashi ya viatu, nikakausha cheni, nikaipaka mafuta. Shemeji akapanda, akazunguka uwanja wa kuegesha magari mara mbili. "Shem, mbona imekuwa laini hivi?" Nikamwambia nimepunguza upepo. Akasema iachwe hivyohivyo. Mpira wa kwenye breki nilisahau kuutoa, na hakuuliza.

Ningeiazima tena? Hata kesho, ila nitapanda na madigadi ya plastiki kwenye begi.

Juzi niko Kisauni juu ya baiskeli yangu, mbuzi akanikatizia njia. Nikabana kushoto kwa nguvu, kwa mazoea ya Karura. Gurudumu la nyuma likaburuza kwenye mchanga, baiskeli ikaendelea mbele kama haijasikia, na mbuzi akaniangalia nikipita.