Pedali za gita ukiwa mtu mzima: mie nimebaki na mbili tu

Mie nimestaafu, nakaa Malindi upande wa Maweni, na gita napiga ya kujifurahisha tu, jioni barazani, au harusi ya jamaa wakikosa mtu wa solo. Mambo yangu ni rumba na zilizopendwa. Nasema hivyo mwanzo kabisa kwa sababu ukitafuta ushauri wa pedali, hivi visanduku vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadili sauti ya gita ya umeme, kwenye intaneti karibu yote utakayokuta yameandikwa na watu wa roki, na mtu wa roki shida yake ya kwanza ni gita ikwaruze, sasa wewe wataka ile sauti safi ya wapiga gita wa Kongo, kina Franco na bendi yake TPOK Jazz, ama Doctor Nico, kila uzi wasikika peke yake, hiyo distosheni, yaani mkwaruzo, utaifanyia nini? Mjukuu wangu alinishikilia ninunue Boss DS-1, pedali ya distosheni, ile ya rangi ya chungwa. Pedali nzuri wallahi, iko sokoni tangu 1978 na bado inatengenezwa, kitu kibovu hakikai miaka yote hiyo. Lakini rumba haihitaji. "Babu, kila mtu anayo hiyo," akaniambia. Haya, kila mtu anayo, basi hiyo moja isiwe yangu.

Tena wazee wetu walipiga bila pedali hata moja. Fundi Konde, mtu wa Pwani hii hii, alikuwa na gita ya umeme miaka ya 1950, wakati pedali za transista hazijauzwa popote, maana ya kwanza kuingia madukani ni Maestro Fuzz-Tone na hiyo ni 1962. Kwa hivyo hapana anayekufa kwa kukosa pedali. Ila wao walikuwa vijana wakati ule, mie kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kishaanza kugoma, noti zake zatoka nyonge, na kidole cha shahada nacho chapiga kama chapigana na mtu. Ukisikiliza rekodi yako mwenyewe kwa simu utaona, noti moja yaruka juu, ya pili hata haisikiki.

Ndio sababu pedali ya kwanza niliyonunua ni kompresa, kitu ambacho vijana wakikuorodheshea pedali huwa wanakitaja mwisho au hawakitaji kabisa. Nilichukua MXR Dyna Comp, kile kisanduku chekundu. Kazi yake ni kusawazisha: uliyopiga kwa nguvu yashushwa, uliyopiga kinyonge yapandishwa, na noti yakaa kidogo kabla ya kufa. Basi ukiingia kwenye sebene, ule mzunguko wa haraka haraka, noti zote zatoka kimo kimoja na hata mtu asiyejua kitu cha gita atakwambia leo umepiga vizuri. Si kwamba umepiga vizuri zaidi ya jana, ni kisanduku, lakini kuna ubaya gani? Miwani nayo ni msaada na hakuna anayeitukana.

Na uzuri mwengine wa Dyna Comp kwa mtu wa umri wangu ni kwamba ina nobu mbili peke yake, vile vya kuzungusha. Output ni kiasi cha sauti inayotoka, Sensitivity ni kiasi inavyobana, habari imekwisha. Hakuna menyu, hakuna skrini. Mie Sensitivity naiweka chini kidogo ya nusu, na Output naipandisha mpaka nikiwasha na kuzima sauti iwe sawa, halafu siigusi tena. Watu wengi wanaivuta Sensitivity mpaka mwisho kisha wanalalamika kuna kelele ya shhhh, sasa kompresa yoyote duniani ikipandisha kilicho kinyonge itapandisha na uvumi wa waya na wa ampu, ile spika ya gita, hiyo si dosari ndio kazi yenyewe. Kitu kimoja tu chanikera: betri. Kubadilisha betri ya hizi MXR za kawaida lazima uipindue, utafute bisibisi, ufungue skrubu nne za chini, na skrubu moja ikianguka kwenye mkeka ndio jioni yako imekwisha.

Ya pili ni Boss DD-3, ya mwangwi, ile nyeupe. Hii nilifikiria sana kwa sababu dilei, ndio hizi pedali za mwangwi, ziko nyingi mno, nyengine zafanya kila kitu isipokuwa kupika chai. DD-3 ni ya kidijitali, ilitoka 1986, nayo mwangwi wake mrefu kabisa ni milisekunde 800, yaani chini ya sekunde moja, na kwa rumba hiyo yatosha na kubaki. Hesabu yake si ngumu: chukua 60,000 ugawe kwa mapigo ya wimbo kwa dakika moja. Wimbo wa mapigo 120, pigo moja ni milisekunde 500, basi ukiweka hapo mwangwi waingia pamoja na ngoma. Usipofanya hesabu nayo utaipata kwa masikio, lakini taratibu, maana mwangwi ukiwa pembeni kidogo ya ngoma mpiga ngoma atakuangalia vibaya.

Lakini mie hasa naipendea ile hali yake fupi iliyoandikwa S, kati ya milisekunde 12.5 na 50. Hapo husikii mwangwi, wasikia kama gita ni mbili. Wanaojua rumba ya Kongo wanajua kati ya solo na rithimu kuna gita ya katikati, mi-solo, inayofunga kazi. Mie nyumbani sina mpiga mi-solo, nina paka na redio. Nikiweka DD-3 kwenye S, mwangwi urudi mara moja tu, E.Level, nobu ya kiasi cha mwangwi, karibu na nusu, gita yangu yanenepa, na ukipiga noti mbili mbili kwa pamoja ndio utamu wenyewe. Simaanishi ni sawa na mtu wa pili, mtu wa pili ana akili yake na huingia pale usipotarajia. Lakini kwa barazani pake pazuri.

Kuna jambo hulioni likiandikwa: miguu. Huku kwetu mtu anapiga gita nyumbani akiwa pekupeku, viatu vimebaki mlangoni, na ile swichi ya MXR ni kitufe kidogo cha chuma kigumu, chataka mtu mwenye buti. Ukikanyaga kwa wayo mtupu chaingia nyamani. Boss wao wana kile kibao kipana chenye raba juu, ukikibonyeza kwa vidole vya mguu polepole chakubali. Kwa hivyo mpango wangu ni huu, Dyna Comp nikiwasha mwanzo nimewasha haizimwi mpaka nikusanye vyombo, na DD-3 ndiyo ya kukanyagakanyaga. Na kama magoti yako ni kama yangu, usiweke pedali chini kabisa unapotafuta sauti, weka juu ya stuli, seti kila kitu umekaa, kisha ndio ushushe chini. Kuinama kila dakika kugeuza nobu ni kazi ya vijana. Boss pia betri yake wafungua kwa ile skrubu kubwa ya mbele kwa kidole, bisibisi hapana haja.

Mpangilio: gita, kompresa, mwangwi, ampu. Ukigeuza, mwangwi ukatangulia, kompresa itaanza kupandisha ile miangwi inayotakiwa ife polepole na yote yajaa kelele. Jaribu siku moja usikie mwenyewe.

Sasa stima, na hapa someni vizuri. Hizi pedali zote mbili zataka volti 9 DC, na hasi iko katikati ya pini. Narudia, hasi katikati. Kila nyumba siku hizi ina adapta ya ruta ya waifai ya zamani kwenye droo, na pini yake yaweza kuingia vizuri kabisa kwenye pedali, lakini nyingi za ruta ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati, yaani makosa mawili kwa mpigo. Angalia ule mchoro mdogo kwenye adapta, ule wa duara na vijialama vya kujumlisha na kutoa, na kama macho hayaoni piga picha kwa simu uvute. Usikubali fundi akwambie "itashika tu mzee". Kushika itashika, na moshi utauona.

Betri nazo si sawa kwa kila pedali. Dyna Comp hula miliampia chache tu, betri moja ya volti 9 yadumu hata ukasahau, sharti uchomoe waya ukimaliza, kwa sababu tundu la kuingizia waya ndiyo swichi yenyewe, ukiacha waya ndani usiku kucha betri yalika. DD-3 kwa kuwa ni ya kidijitali hula kama miliampia 60, betri ya alkalaini itakupa jioni moja na sehemu ya pili, na zile za bei rahisi hata harusi haiishi. Mie nyumbani natumia adapta, betri naweka akiba ya stima ikipotea, na huku hupotea. Ampu yangu nayo ni ndogo ina sehemu ya betri kwa hivyo giza halinizuii.

Nilikuwa na adapta moja ya bei poa, ile unayounganisha pedali kadhaa kwa waya mmoja wenye matawi. Ilikuwa inavuma mmmmm muda wote. Ukichanganya pedali ya kidijitali kama DD-3 na ya analogi kama Dyna Comp kwenye waya mmoja wa stima mara nyingi utapata uvumi kama huo, na kompresa ikiwa hapo ndio kabisa inaunyanyua. Dawa ni kila pedali na adapta yake, au ile stima ya pedali yenye matundu yaliyotengwa, hizo ni ghali lakini afadhali utoe pesa hapo kuliko kununua pedali ya tatu.

Na chumvi. Walio bara hawawezi kuelewa. Malindi, Watamu, Lamu, upepo ni upepo wa bahari tu, kaskazi iwe kusi, na vyuma vyote vyashika kutu, matundu ya waya yafanya ukijani, nobu ukizungusha zakwaruza. Mie pedali zinakaa kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unavyovipata kwenye viatu vipya, nimewaambia jamaa wote wasivitupe waniletee. Nobu zikianza kukwaruza kuna dawa ya kopo ya kusafishia vifaa vya umeme, mafundi wa redio wanayo, unapuliza kidogo, unazungusha huku na huku, basi. Si mafuta ya cherehani tafadhali.

Masikio pia yanazeeka, hili hatupendi kulisema. Kinachopotea kwanza ni zile sauti kali za juu, sasa wewe mzee wasikia gita imefunikwa, waongeza treble, waongeza tena, kumbe wenzako wanaona wachomwa sindano. Nikitafuta sauti namwita mjukuu asimame kule mlangoni aniambie. Yeye na DS-1 yake hatukubaliani kabisa, lakini masikio anayo.

Yeye huyo huyo aliniachia kile kisanduku kikubwa cha kila kitu, pedali mia na kitu ndani ya moja, sitaji jina. Sikidharau. Kina ngoma za kufanyia mazoezi na tundu la hedifoni, usiku ni neema, hasa watu wakishalala. Lakini skrini yake ndogo, maandishi kama sisimizi, na ukitaka kupunguza mwangwi kidogo tu waingia ukurasa, watoka ukurasa, ukifika wimbo umekwisha. Kijana atakifurahia. Kwa bei yake pia chashinda kununua pedali moja moja, hilo ni kweli.

Kuhusu kununua, pedali za maana huku Malindi hazipatikani kirahisi. Dyna Comp aliniletea mpwa wangu yuko Dubai, DD-3 ni mtumba kutoka kwa mpiga bendi wa hotelini aliyeacha kazi. Ukiagiza nje mwenyewe jua kuna VAT ya 16% na ushuru juu yake, piga hesabu kabla. Ukinunua mtumba nenda na gita yako, waya wako na betri mpya yako mwenyewe. Zungusha kila nobu, tikisa waya kwenye matundu usikie kama inakata, fungua sehemu ya betri uangalie kama kumemwagika maji ya betri. Muuzaji akikwambia ni adapta tu imeharibika, mwambie basi tutumie betri yangu hii.

Nimebakisha pedali ya korasi moyoni. Jamaa mmoja ana Boss CE-2 ya zamani, nobu mbili tu, Rate na Depth, nilipiga kwake tukiwa tunangoja chakula na kusema kweli ile sauti ya kuyumba yumba kwa akordi za polepole ni tamu sana. Ila bei anayotaja ni ya mtu asiyetaka kuuza. Nimemwachia namba, akipungukiwa atanitafuta.